Simu ya Mitekela

Mzee Benedicto hakunyanyuka kwenye kigoda chake. Alimkagua Koplo Ambrosi Likwata kuanzia buti zilizojaa vumbi jekundu mpaka kofia, akatema mate pembeni, kisha akauliza:

"Leo usafiri umepatikana?"

"Nimekuja na bodaboda, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Wakubwa wako ndio wamekupandisha bodaboda kuja huku?"

"Hawakunituma. Nimekuja."

Mzee alimsogezea gogo kwa mguu. "Basi kaa."

Ilikuwa saa tatu kasoro asubuhi. Nyuma ya nyumba, katikati ya mikorosho, kaburi la Maria, mke wa mzee, lilikuwa na siku nne. Udongo ulikuwa bado haujashikana, na mbwa mmoja alikuwa amelala kando yake kana kwamba amepewa zamu. Mitekela iko milimani, bara ya Kilwa, mwendo wa saa mbili kutoka Nangurukuru kama mvua haijanyesha. Kuna shule yenye mwalimu mmoja na zahanati yenye mlango, rangi na kufuli. Dawa ya nyoka haijawahi kulala humo hata siku moja.

Likwata alitoa daftari. Maelezo ya mzee yaliyokuwa kwenye faili yalichukuliwa kwa simu kwa madai ya kukosa gari, mistari mitano, na aliyeyachukua hakuuliza hata marehemu aliumwa na nini. Kwa mistari hiyo mitano, msichana mpokea simu aitwaye Moza alikuwa mahabusu siku ya pili. Saa nane mchana angepelekwa mahakamani Masoko kwa kosa la kusababisha kifo kwa uzembe. Inspekta Dominick, mkuu wa upelelezi na bosi wa Likwata, alikwisha kusema: "Kesi ya mkono mmoja hii. Saa nane faili litoke." Likwata aliishia darasa la saba na huandika polepole, ila hakupenda kupeleka mtu mahakamani kwa mistari mitano.

"Tuanze mwanzo, mzee. Mama aliumwa saa ngapi?"

"Jua limeshapanda kidogo. Alikuwa anapalilia chini ya mikorosho. Alikuja mwenyewe kwa miguu yake, akaniambia, baba Flora, nyoka kanigonga. Hakulia."

"Ukafanya nini?"

"Nikapanda pale." Mzee alionyesha kichuguu kirefu mbele ya nyumba. Pale juu tu ndipo mtandao ulitulia; chini yake ulikuja na kupotea. "Kuna namba walibandika ukutani zahanati. Gari la wagonjwa. Nikapiga saa mbili na kidogo. Akapokea binti."

"Alisemaje? Maneno yenyewe, kama unayakumbuka."

"Nayakumbuka yote. Nitayasahau lini? Akasema, shikamoo, karibu Pokea Huduma. Nikasema marahaba, mke wangu kaumwa na nyoka. Akaniuliza niko wapi, nikamwambia. Akasema, subiri kidogo mzee wangu, usikate. Kukawa kimya. Halafu akarudi." Taya za mzee zilicheza. "Akarudi na dharau."

"Dharau ipi?"

"Aliniitikia marahaba."

"Ulimwamkia?"

"Mimi? Nina miaka sabini na moja! Nimwamkie mtoto wa kike? Sikusema neno. Nimekaa na simu sikioni, nasikia, marahaba, sema haraka. Nikajua ananicheza shere. Lakini mke wangu anavimba pale chini, nitagombana na mtu? Nikameza. Nikaeleza tena upya. Akasema gari linakuja, msimsogeze mgonjwa, msubiri hapo hapo."

Likwata aliandika maneno ya mzee kama yalivyo, kisha pembeni akaongeza yake: *Mtuhumiwa alitumia lugha ya kejeli.* Neno hilo lilimzidishia Moza mzigo, na alilijua hilo wakati kalamu inapita.

"Kulikuwa na usafiri mwingine?"

Mzee aligeuza shingo. Alimwita kwa jina kijana wa jirani aliyekuwa anapasua kuni. "Boniface! Mwambie afande."

Boniface aliweka shoka chini. "Nilileta pikipiki, afande. Nikasema tumpakie katikati, twende. Mzee akakataa, akasema wamesema asisogezwe, gari liko njiani. Nikakaa na pikipiki hapa mpaka saa saba. Saa saba mama akaondoka."

"Gari lilifika?"

"Gari gani, afande?"

Likwata alimsomea mzee maelezo yake, akampa kidau cha wino, mzee akaweka dole gumba. Mkono ulikuwa mzito kama umefungwa jiwe.

"Faili linatoka saa nane," Likwata alisema. "Kuanzia saa sita kaa karibu na kichuguu na simu yako. Nikikwama na swali nitakupigia."

"Nimezoea kukaa hapo kusubiri," mzee alisema.

*

Njia ya kurudi ilimpa Likwata muda wa kuipanga kesi kichwani.

Pokea Huduma ilikuwa biashara ya Madam Lightness, mwanamke wa miaka arobaini na kitu aliyekuja kutoka Dar na meza moja na simu mbili, akapanga fremu ya duka pale Nangurukuru, nyuma ya mabanda ya chipsi wanaposimama abiria wa mabasi. Kazi yake ilikuwa kupokea simu za watu wenye biashara wasiokuwa na muda wa kuzipokea: mwenye nyumba ya wageni, muuza mabati, mwenye gari la kukodi la kubeba wagonjwa. Sasa alikuwa na wasichana sita na hakuna hata mmoja aliyekaa ofisini. Moza alipokea simu akiwa kwao Mchinga. Hafsa alipokea akiwa Songo Songo. Mteja alipiga namba moja, programu ikampeleka kwa msichana aliye zamuni. Wasichana wenyewe hawakuwahi kuonana uso kwa uso. Mshahara, maonyo, mafunzo, yote yalikuja kwa simu.

Orodha aliyoichapa Madam Lightness ilionyesha wazi: saa mbili na dakika kumi, simu kutoka Mitekela, mpokeaji Moza, dakika tisa. Simu hazikurekodiwa, maana kurekodi kulikula bando. Moza alikuwa amesema tangu mwanzo kwamba yeye alizungumza dakika mbili tu, kisha akamuunganisha mzee kwa madam, ambaye ndiye hupanga safari za gari. Madam akasema huo ni uongo. Inspekta Dominick alicheka: kila mtuhumiwa hurusha mpira kwa bosi wake. Na kwenye orodha hakukuwa na jina lingine.

Likwata alifika kituoni Nangurukuru saa sita kasoro robo. Alipitiliza kaunta, akachukua funguo, akaenda chumba cha wanawake. Tangu saa kumi na mbili alfajiri watu walikuwa wanamwamkia: mlinzi, mama wa chai, wezi wawili wa nazi, kila aliyemwona. Alifungua kufuli, akasukuma mlango, akasema:

"Marahaba."

Msichana aliyekuwa amekaa sakafuni na kanga kichwani alinyanyua macho.

"Sijakuamkia bado, afande."

Hakusema kwa kiburi. Alikuwa na miaka ishirini na mbili na macho yamemvimba. Likwata alibaki amesimama na funguo mkononi.

"Umesemaje?"

"Nilikuwa nataka kukuamkia. Umeniwahi."

Likwata aliufunga mlango nyuma yake, akachuchumaa, jambo ambalo magoti yake hayakulipenda.

"Moza. Mkiunganisha mteja kwa madam, mnafanyaje? Hatua kwa hatua. Usiruke kitu."

"Namwambia mteja asubiri. Nabonyeza kitufe cha madam. Kwake linatokea jina langu. Akipokea, mimi ndiye naanza kusema. Nasema shikamoo madam, nina mteja. Yeye anasema marahaba, nipe. Ndiyo namwingiza mteja, ila kwenye orodha dakika zote zinabaki kwa jina langu."

"Siku ile ulimwamkia?"

"Nilianza tu. Kwetu Mchinga mtandao unakatika katika. Nikisema shikamoo, sauti yangu haifiki, mteja anaingia mwenyewe moja kwa moja. Imetokea mara nyingi. Nilimwandikia madam kuhusu hiyo shida. Akasema ninunue simu nzuri."

"Ikitokea hivyo, madam anasikia nini?"

"Hasikii kitu. Anaona jina langu tu."

"Na anasema nini?"

Moza alimtazama kama mtu anayeulizwa jua linachomozea wapi. "Anasema marahaba. Si anajua nimemwamkia? Kila siku tunamwamkia."

"Na wewe, mteja akikupigia?"

"Tunatakiwa kumwamkia sisi. Kila mteja, hata mwenye sauti ya kitoto. Ukikutwa hujamwamkia unakatwa mshahara wa siku. Mimi nimwitikie mzee marahaba? Ningeachishwa kazi kabla simu haijakatwa."

Likwata alitoa daftari, akatafuta pale alipoandika *lugha ya kejeli*. Alipitisha mstari juu yake, kisha akazungushia duara neno alilosikia mzee: marahaba.

"Mchana huu nani yuko zamuni?"

"Hafsa. Wengine wanaingia saa tisa." Kisha akauliza, sauti imeshuka: "Afande, ni kweli yule mama alikuwa na watoto?"

"Watu wazima. Mmoja ni Flora."

Moza alirudisha kichwa kwenye magoti.

*

Likwata alipompigia, Hafsa wa Songo Songo aliogopa hata kabla hajaambiwa kitu.

"Atanifukuza, afande. Hapa kisiwani kazi nyingine ni kupara samaki."

"Mwenzako yuko mahabusu kwa kazi hiyo hiyo unayoifanya wewe. Sikuombi useme uongo. Mzee atapiga saa saba kamili, atakuja kwako. Bonyeza kitufe cha madam, mwingize, kaa kimya. Basi."

Kukawa na pumzi upande wa pili, na kuku.

"Haya," Hafsa alisema. "Kimya naweza."

Kwa mzee Benedicto, Likwata alikuwa mwangalifu zaidi. Hakumtajia jina la mtu. Alimwambia apige namba ile ile, akishapokewa asiseme chochote mpaka asikie sauti ya pili. Akiisikia, aseme kama aliwahi kuisikia au hakuwahi. Mzee aliuliza swali moja tu: "Nipande kichuguu?" Likwata akasema ndiyo, panda.

Saa saba kasoro dakika tano alikuwa amekaa kwenye ofisi ya Madam Lightness. Feni ilizunguka bila kupoza. Madam alikuwa anakula chipsi mayai kwa mikono, simu tatu zimepangwa mbele yake kama sahani.

"Karibu afande. Nilidhani mmeshamaliza. Inspekta aliniambia leo anapelekwa."

"Maswali mawili tu ya kujaza faili. Uliwahi kuzungumza na mzee Benedicto wa Mitekela?"

"Sijawahi."

"Kabla ya msiba wala baada?"

"Sijawahi kusikia hata sauti yake. Simu za wateja ni za wasichana. Mimi nasimamia. Unajua kazi ya kusimamia watu usiowaona? Mmoja anachota maji, mwingine ananyonyesha, wewe uko hapa unaona taa ya kijani unadhani yuko kazini. Huyo Moza nilishamwonya mara mbili. Anakaanga mihogo ya kuuza saa za kazi!"

"Na gari la wagonjwa siku ile lilikuwa wapi?"

"Hilo muulize mwenye gari. Mimi napokea simu tu."

Simu ya katikati iliwaka. *Hafsa Songo.* Vidole vya madam vilikuwa vinang'aa mafuta, kwa hiyo aliibonyeza kwa kifundo cha kidole, akaiweka spika.

"Marahaba," alisema. "Nani huyo, sema haraka."

Ulisikika upepo, kisha mtu mzima akihema, kama anayeshika kitu asianguke.

"Ndiye," sauti ya mzee Benedicto ilisema. "Afande, ndiye huyu huyu. Hivyo hivyo alivyosema."

Madam Lightness aliacha kutafuna.

"Mama," mzee aliendelea, na hili Likwata hakumpangia. "Nilisubiri. Sikumsogeza, kama ulivyoniambia. Boniface alileta pikipiki nikamkatalia."

Madam alinyoosha mkono kukata. Likwata aliwahi, akaizuia simu kwa kiganja.

"Asante, mzee. Shuka taratibu."

Simu ikakata yenyewe. Nje basi la Lindi lilipiga honi na wauza maji wakalikimbilia.

"Sauti ya kwenye simu si ushahidi," Madam Lightness alisema. Alijifuta mikono kwa gazeti, kidole kwa kidole. "Mzee amefiwa, anasikia anachotaka."

"Nani amekuamkia?"

"Nini?"

"Sasa hivi umeitikia marahaba. Nani amekuamkia?"

Madam alitazama simu, akamtazama Likwata, akaitazama tena simu.

"Hafsa hakusema neno," Likwata alisema. "Mzee hakusema neno. Uliona jina la msichana wako ukaitikia salamu ambayo haikutolewa. Haya ni maelezo ya mzee, yana dole lake, niliyachukua leo asubuhi kabla sijaijua programu yako inafanyaje. Soma hapa."

Alisoma. Alisoma mara mbili, midomo ikicheza.

"Nilikuwa najua hakuna gari," alisema hatimaye, bila kunyanyua macho. "Unataka hivyo? Nilijua tangu jioni ya jana yake."

"Kwa nini ulimwambia linakuja?"

"Kwa sababu mteja haambiwi hapana! Ndiyo kazi yenyewe, afande. Ukimwambia hapana anakata, anapiga kwingine, mwenye gari anakwambia umempotezea mteja. Unamwambia subiri. Unamwambia tunalishughulikia. Watu wote wanasema hivyo, benki wanasema hivyo, umeme wanasema hivyo, mbona hakuna anayekamatwa? Nikadhani gari litarudi saa nne. Nikadhani mzee ataona limechelewa, atatumia akili yake."

"Alitumia sikio. Ulimwambia asimsogeze."

Madam Lightness alifuta shavu kwa mgongo wa mkono. Alikuwa analia sasa, ila kwa namna ya mtu anayekasirikia machozi yake mwenyewe. "Nina wasichana sita wanaokula kwa simu hizi. Nikifunga hapa, wote sita wanarudi kupara samaki. Nilisema Moza ni mmoja tu, hana mtoto, atapata kifungo cha nje. Nilipiga hesabu ya watu, afande. Nilikosea, lakini nilipiga."

Likwata aliandika yote hayo kama alivyoyasema. Kisha aliuliza swali lililobaki.

"Gari lilikuwa wapi?"

"Masoko. Limebeba viti na maturubai."

"Gari la wagonjwa?"

"Lina nafasi nyuma, wakitoa kitanda."

"Viti vya shughuli gani?"

"Sendofu. Ya kumuaga bibi harusi."

"Ya nani?"

Hapo Madam Lightness alinyanyua uso, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alionekana kama anamwonea huruma mtu mwingine.

"Wewe hukualikwa?" aliuliza. "Binti wa Inspekta wako. Inspekta aliliomba kwa mwenye gari mwenyewe, akaambiwa aniarifu mimi nisipangie safari. Alinipigia jioni ya kuamkia siku ile. Namba yake iko hapa. Ndiyo maana alipokuja na karatasi ya kumkamata Moza, sikuuliza maswali. Nilidhani ninyi nyote mnajua."

Kalamu ya Likwata ilisimama. Ikaacha doa. Kisha akaandika jina, cheo, siku na saa ya simu ile, akamgeuzia madam daftari.

"Weka saini. Kila ukurasa. Kisha tunaondoka wote."

*

Saa nane kasoro dakika kumi Likwata alikuwa amekaa kwenye meza yake ya kona, amemaliza ukurasa wa mbele wa faili. Alikuwa ameuandika kwa mwandiko wake wa darasa la saba, mkubwa, usiofichika. Ulisema mambo matatu. Kwamba Moza aachiwe leo, hana kosa. Kwamba Lightness ashtakiwe badala yake, na maelezo yake yako ndani. Na kwamba Inspekta Dominick aitwe aeleze gari la wagonjwa lilikwenda kubeba viti kwa idhini ya nani. Chini yake palibaki nafasi ya saini ya mkuu wa upelelezi. Bila saini hiyo mwendesha mashtaka asingepokea hata karatasi.

Moza alisimama kaunta na kanga yake, amefungwa pingu tayari kwa safari. Madam Lightness alikaa kwenye benchi, hatua tatu kutoka kwake. Hawakuwahi kuonana ana kwa ana kabla ya hapo. Moza ndiye aliyemtambua, kwa kikohozi.

"Shikamoo, madam," alisema.

Madam alifungua mdomo, akaufunga.

Inspekta Dominick alitoka ofisini kwake akiwa na funguo za gari kidoleni na simu begani, anacheka na mtu. Hakutazama benchi.

"Likwata! Faili?"

"Hili, afande. Kuna maelezo mapya. Ni vizuri uyasome."

"Niyasome saa ngapi? Hakimu anangoja, mimi nahitajika Masoko. Si nilikwambia ni kesi ya mkono mmoja?"

"Ulisema, afande. Lakini ukurasa wa mbele tu. Soma huu mmoja."

"Leta kalamu."

Likwata alimpa. Inspekta aliliweka faili juu ya kaunta, akaendelea kuongea na simu, akasaini bila kuinamisha kichwa. Saini yake ilikuwa kubwa, ya mtu aliyezoea karatasi kumngoja. Mkia wake ulipanda juu, ukakata katikati ya mstari wa mwisho, pale palipoandikwa jina lake.